Kuchemsha Hakuondoi Urani: Maji ya Mgodi Yakishaharibika Husafishwaje

Tangu kiwanda cha majaribio cha urani kizinduliwe Mkuju, wilayani Namtumbo, Julai 2025, kila tukiitwa kwenye mkutano wa kijiji tunaulizwa kuhusu visima. Hofu hiyo naielewa. Makala haya hayatoi hukumu juu ya mradi wowote, kwani vibali vina mamlaka zake. Nataka tu ieleweke ni kazi gani kuyasafisha maji ya ardhini yakishachafuliwa.

Mfano ninaoutumia ni Stráž pod Ralskem, kaskazini mwa Jamhuri ya Czech. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, tindikali ya salfa ilishindiliwa ardhini kupitia maelfu ya visima ili iyeyushe urani ndani ya mwamba wa mchanga, kisha ikavutwa juu pamoja na urani yake. Ziliingia zaidi ya tani milioni 4 za tindikali. Serikali ilisitisha uchimbaji huo Aprili 1996, na tangu hapo shirika la umma la DIAMO linavuta maji hayo na kuyasafisha. Ratiba inafika mwishoni mwa miaka ya 2030. Mtoto aliyezaliwa mwaka huo wa 1996 atakuwa na zaidi ya miaka 40, na huenda pampu bado zinanguruma.

Wengi hudhani maji ya ardhini ni kama simtanki: fungua koki, mwaga machafu, jaza safi. Sivyo hata kidogo. Uchafu umejificha kwenye vitundu vya mwamba na hutoka kidogo kidogo. Ukizima pampu mapema, maji uliyoyapima jana yakawa safi huharibika tena. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya pampu ni kuzuia. Unavuta mengi kuliko unayorudisha, usawa wa maji unashuka pale katikati, na maji ya pembeni yanaelekea ndani. Usipofanya hivyo, uchafu ndio unaotoka kuvifuata visima vya watu.

Yakifika juu, urani iliyobaki hunaswa kwenye chembe za resini, yaani punje za plastiki maalumu zinazoishika urani. Sehemu ya maji hupitishwa kwenye mtambo wa kuvukiza, na sehemu hutiwa chokaa ili metali zigande na kutuama. Yaliyosafishwa huachiwa mto Ploučnice. Linabaki tope, na tope hilo lina metali zilizogandishwa, hivyo nalo huhifadhiwa na kulindwa.

Sasa suala la kuchemsha. Nimelisema mara nyingi, nalirudia. Kuchemsha huua vijidudu. Urani si kijidudu. Maji yakipungua sufuriani, urani inabaki ileile katika maji machache zaidi. Vidonge vya klorini navyo haviiondoi. Wala usisubiri maji yabadilike rangi au ladha. Shirika la Afya Duniani limependekeza kisichozidi mikrogramu 30 kwa lita, kiasi ambacho jicho na ulimi havikitambui. Kinachoumia kwanza ni figo.

Pale Stráž, juu ya tabaka lenye urani kuna tabaka lingine lenye maji ya kunywa. Kisima kinachotoboa yote mawili bila kuzibwa vizuri hugeuka bomba la kuyaunganisha. Hii ndiyo sababu ya utaratibu ambao wananchi wanauita usumbufu: kwanza upimaji wa kitaalamu wa eneo, kisha maombi ya kibali kwenye Bodi ya Maji ya Bonde, kisha mchimbaji mwenye leseni, ambaye lazima aandike kina cha kila tabaka, aweke mabomba, azibe kwa saruji, apime wingi wa maji na kuwasilisha taarifa. Baada ya hapo ndipo unaomba kibali cha kutumia maji. Kuchimba kisima kirefu bila kibali ni kosa. Kuchafua chanzo cha maji ni kosa zito zaidi: kuna faini, kifungo au vyote viwili, na mahakama inaweza kuamuru mchafuzi alipe gharama za kusafisha. Kisima kilichoachwa kinazibwa. Kukifunika bati na kuweka mawe juu si kukiziba.

Jambo ninalowaomba viongozi wa vijiji ni vipimo vya mwanzo, kabla mtambo wowote haujaanza. Bahi na Manyoni, kwa mfano, urani ipo karibu na uso wa ardhi kwa asili. Pasipo vipimo vya mwanzo, hakuna atakayeweza kuthibitisha kilicholetwa na mgodi na kilichokuwapo tangu awali.

Tafadhali msituletee maji kwenye chupa ya soda. Mtaalamu atavuta kwanza maji yaliyotuama kisimani hadi vipimo vitulie, atachuja, atatia tindikali kidogo ya naitriki ili metali zisigande kwenye chupa, ataandika saa na mahali, na kila anayeipokea chupa atasaini. Majibu yakirudi, nakala ibaki ofisi ya kijiji ikiwa na namba ya kisima na tarehe.