Vinywa viwili vya fanani wa Yangzhou

Ukimsikiliza fanani wa pinghua, sanaa ya usimulizi ya Yangzhou katika jimbo la Jiangsu nchini China, anapofika pale Wu Song, shujaa wa hadithi za kale za Kichina, anapoingia kilabuni kunywa kabla ya kupambana na simbamarara, utatambua ni nani anayesema hata kabla hajatajwa. Wu Song, kwa kuwa ni shujaa, hupewa kile ambacho mafanani wenyewe hukiita "kinywa cha mraba", yaani matamshi mazito yaliyopangika na yaliyo karibu na Kichina rasmi. Mtumishi anayemletea pombe husema kwa "kinywa cha duara", lahaja ya mtaani, ambamo hata neno la "moja" hukatwa ghafla kooni. Hapo ndipo kazi yangu ya unukuzi, yaani kuyaandika masimulizi haya kama yanavyosikika, inapokuwa ngumu, kwa sababu herufi ya Kichina ya neno hilo ni ile ile kwa wote wawili. Nikiiandika peke yake, nimemnyang'anya mtumishi ulimi wake.

Kwa hiyo mimi huandika mistari miwili: wa juu una herufi za Kichina, wa chini una alama za kifonetiki, na mkato wa koo huonyeshwa kila unaposikika. Maneno ya lahaja yasiyo na herufi inayokubalika huyaachia kisanduku kitupu juu na sauti kamili chini, maana kuazima herufi ya neno jingine ni kumlisha fanani maneno. Kimya nakipima kwa sekunde. Pigo la kibao kidogo cha mbao mezani, ambacho wao hukiita kinyamazisha-maneno, nalo lina alama yake.

Masimulizi ya fanani Wang Shaotang (1889–1968) kuhusu Wu Song yalichapishwa mwaka 1959 baada ya kuhaririwa. Nakiheshimu sana kitabu hicho, ila kutoka kwenye kurasa zake huwezi kuurudia mdomo uliosimulia. Ndiyo maana nawashukuru Vibeke Børdahl, mtafiti wa Denmaki, na wenzake wa China, waliowarekodi mafanani wanne wazee kwa video, mamia ya saa, na nakala zikahifadhiwa katika maktaba za mabara zaidi ya moja.

Nami siikati rekodi ninayoinukuu. Kikohozi cha fanani na kicheko cha hadhira hubaki mahali pake, na kila mstari hubeba dakika na sekunde yake, ili atakayetilia shaka sikio langu asikilize mwenyewe.