Parasitoidi ni nini? Somo la nyigu ndani ya filamu ya Alien

Parasitoidi ni mdudu anayetaga mayai juu ya mwili wa mdudu mwingine au ndani yake, na mabuu wake wakianguliwa wanamla mwenyeji huyo kidogo kidogo mpaka afe. Hicho kifo ndicho kinachomtenga na kimelea wa kawaida. Kupe, chawa na minyoo ya tumbo wanakunyonya, lakini ukifa hawapati kitu. Simba anaua, ila anaua swala huyu leo na pundamilia yule kesho kutwa. Parasitoidi yuko katikati: anahitaji mwenyeji mmoja tu kwa utoto wake wote, na huyo mmoja lazima afe. Akishakuwa mkubwa anaruka zake na kunywa utamu wa maua kama mdudu yeyote mpole. Huyu si yule mgeni wa kusemwa njoo, mwenyeji apone.

Wengi wao ni nyigu wadogo sana, wengine wadogo kuliko punje ya mtama, na wapo pia nzi wanaoishi hivyo. Istilahi yenyewe ilipendekezwa na mtaalamu wa wadudu O. M. Reuter mwaka 1913, lakini tabia ilikuwa imewasumbua watu kabla ya hapo. Mwaka 1860 Charles Darwin alimwandikia rafiki yake Asa Gray kwamba hawezi kujishawishi kuwa Mungu mwema aliwaumba nyigu hawa kwa kusudi la kula viwavi wakiwa hai.

Sasa Alien, filamu ya Ridley Scott ya mwaka 1979. Watu wengi huisimulia kama hadithi ya jitu lenye meno ndani ya chombo cha anga. Hiyo ni nusu ya pili tu. Nusu ya kwanza, na ndiyo iliyoifanya filamu hii isizeeke, ni maisha ya parasitoidi yaliyofuatwa hatua kwa hatua, mwenyeji akiwa binadamu. Si bahati. Dan O'Bannon, aliyeandika skripti, aliwataja nyigu wa aina hii miongoni mwa vitu vilivyompa wazo, na mwenzake Ronald Shusett ndiye aliyetegua kitendawili cha namna kiumbe atakavyoingia chomboni: aingie ndani ya mtu.

Kabla ya kwenda kwa Kane, mmoja wa wafanyakazi wa chombo na ndiye mwenyeji katika filamu, lazima tutofautishe njia mbili za parasitoidi, kwa sababu filamu imechagua moja na kutisha kwake kote kunatokana na chaguo hilo.

Njia ya kwanza ni kumgandisha mwenyeji. Mama anachoma sumu, mwenyeji anapooza hapo hapo, hakui tena, hali tena, anabaki kuwa nyama isiyooza. Wataalamu huwaita idiobionti. Nyigu wa udongo wanaojenga vichuguu vidogo kwenye kuta za nyumba zetu hufanya jambo linalokaribia hilo: wanajaza ndani buibui waliopooza, watoto wakute chakula kibichi. Njia ya pili ni ya wale wanaoitwa koinobionti. Hawa humchoma mwenyeji kisha wanamwachia aende. Anaendelea kutembea, kula na hata kunenepa, na mabuu wako ndani wakikua naye. Mwanzoni wanakula mafuta na majimaji ya mwili tu, viungo vya uhai hawavigusi. Mwenyeji akifa mapema, nao wamekwisha.

Kane, aliyeigizwa na John Hurt, ni mwenyeji wa njia ya pili. Tazama mfululizo. Anainamia yai, kidude chenye vidole virefu na mkia kinaruka na kumshika uso. Wenzake wanampeleka kwenye chumba cha matibabu, picha ya ndani ya mwili inaonyesha kimemshushia mrija kooni na kinampa hewa. Wakijaribu kukibandua, mkia unakaza shingoni. Wakikikata kidole, damu yake ambayo ni tindikali inatoboa sakafu moja baada ya nyingine. Baadaye kinajidondokea chenyewe, kimekufa. Kane anaamka, hakumbuki mengi, anasema ana njaa. Wanakaa mezani, anakula kwa pupa, anacheka.

Kidude hicho cha usoni si mtoto wa kiumbe, ingawa watazamaji wengi hukichukulia hivyo. Kazi yake ni ile ya mrija wa kutagia mayai wa nyigu, isipokuwa mrija huu umepewa miguu. Kikishapanda mbegu hakina kazi tena, ndiyo maana kinakufa. Na kile cha kumpa Kane hewa si huruma: ni koinobionti anayetunza ghala. Mtu akishaijua dhana hii, mlo ule wa furaha unakuwa mgumu kuutazama kuliko damu inayofuata, maana kiwavi aliyetagiwa naye hula vizuri tu. Kikulacho ki nguoni mwako, ila huyu amevuka nguo.

Tukio la kifua kupasuka lilipigwa mwaka 1978 katika studio za Shepperton, Uingereza, na namna lilivyotengenezwa inastahili kuelezwa. Meza ilitobolewa. Hurt alikaa chini yake, kichwa na mikono vikatokea juu, na mbele yake kikawekwa kifua bandia kilichovishwa fulana. Ndani ya kifua walijaza viungo vya wanyama kutoka machinjioni na mipira ya kusukumia damu bandia. Mwanasesere wa kiumbe, kazi ya Roger Dicken, alisukumwa kwa mkono kutoka chini ya meza. Mara ya kwanza fulana ikakataa kuchanika: kitambaa kiliinuka tu, kikavimba, kikarudi. Ikabidi kidhoofishwe kwa kukatwa katwa pale kiumbe atakapotokea. Kushindwa huko kukawa faida kwenye uhariri, kwa kuwa ule msukumo wa kwanza, damu inachipuka na fulana bado imeshika, ndio unaoshtua kabla ya chochote kuonekana.

Waigizaji walikuwa wamesoma skripti. Walijua kitu kitatoka. Hawakuambiwa ni damu kiasi gani na itaruka kuelekea wapi, na kamera zaidi ya moja zilikuwa zikizunguka kwa pamoja ili mshtuko wa kwanza usipotee. Veronica Cartwright, anayeigiza Lambert, alipigwa na mchirizi usoni, na kile kilio ni chake mwenyewe. Kwa yai nako hawakutafuta mbali: utumbo wa ng'ombe na wa kondoo, na kinachopapatika ndani ni mikono ya Scott mwenyewe ndani ya glovu za mpira. Kidude cha usoni kinapopasuliwa baada ya kufa, unachokiona ni chaza na figo ya kondoo. Hakuna kompyuta hapo. Unyevu ule ni wa kweli, na jicho linaujua.

Filamu inapotea wapi kibaiolojia? Kwanza kwenye ukuaji. Kiumbe anatoka kifuani akiwa na urefu unaokaribia wa mkono wa mtu, na baada ya saa chache ni jitu la zaidi ya mita 2 (ndani ya vazi yumo Bolaji Badejo, Mnigeria mrefu mwembamba aliyekuwa akisoma London). Amekula nini? Filamu haisemi. Parasitoidi halisi humaliza kula kabla ya kutoka. Akishatoka anakuwa pupa, ile hatua ya kutulia kabla ya kuwa mdudu mzima, na anaibuka akiwa amebadilika umbo, si kwa kuongeza uzito kutoka hewani. Alien inadokeza ngozi iliyovuliwa, Brett, fundi wa chombo, anaiokota, lakini kuvua ngozi hakuzalishi nyama.

Kosa la pili ni kubwa zaidi na husemwa mara chache. Parasitoidi ni mchaguzi mno. Spishi moja ya nyigu kwa kawaida huweza kuwatumia viwavi wa aina chache tu, wakati mwingine mmoja tu. Kukutana na mnyama ambaye ukoo wake haujawahi kumwona na kufanikiwa mara ya kwanza, kama anavyofanyiwa Kane, ni jambo lisilotarajiwa kabisa. Sababu ni kinga ya mwili. Yai geni likiingia ndani ya kiwavi, chembe za damu yake hulizingira tabaka kwa tabaka mpaka linakosa hewa na kufa. Ili lisizingirwe, nyigu wa makundi fulani humdunga kiwavi mayai pamoja na virusi ambavyo huzaliana ndani ya ovari za nyigu jike mwenyewe. Virusi hivyo haviwaambukizi nyigu wengine. Kazi yao ni kuizima kinga ya kiwavi. Ushirika huo una umri wa miaka kama milioni 100. Kwa maneno mengine, silaha imechongwa kwa kufuli moja.

Mfano mzuri uko kwenye mahindi ya Afrika Mashariki. Bungua mmoja, kiwavi anayetoboa mabua, Chilo partellus, alitoka Asia na kuenea huku bila maadui wake wa kwao. Kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE, chenye makao Nairobi, kikamleta nyigu wa Asia anayemwinda, Cotesia flavipes, na mwaka 1993 kikamwachia pwani ya Kenya. Nyigu huyu ana urefu wa milimita 2 hadi 3. Jike hufuata harufu ya kinyesi cha bungua, anaingia kwenye tundu la bua, anatambaa gizani mpaka amfikie, anachoma kwa sekunde chache na kuacha makumi ya mayai. Kazi hiyo ni ya hatari: ndani ya tundu hakuna nafasi ya kugeuka, bungua anang'ata, na majike wengi hufia humo humo. Akifanikiwa, karibu wiki mbili baadaye, kutegemea joto, mabuu hutoboa ngozi ya bungua wote kwa mkupuo na kila mmoja kujifumia kifukofuko cheupe pembeni ya mzoga. Mkulima anayepasua bua na kukuta rundo la vifukofuko mfano wa punje za mchele mdogo aviache: hao ni askari wake.

Nyigu huyo huyo akipelekwa kwa bungua mwingine, Busseola fusca wa maeneo ya juu yenye baridi, anamchoma vizuri tu na kutaga. Mayai yanazingirwa, yanakufa, bungua anaendelea kula mahindi. Hata nyigu wa asili wa Afrika, Cotesia sesamiae, ana koo zinazotofautiana: wa pwani anashindwa ndani ya Busseola fusca, wa Kitale, kwenye nyanda za juu, anaweza. Spishi moja, nchi moja, na bado anayefaa Mombasa hafai Kitale.

Mashabiki hubishana pia kuhusu mayai yalitoka wapi. Scott alipiga tukio ambalo Ripley, shujaa wa filamu, anawakuta nahodha Dallas na Brett wamegandamizwa ukutani kwa utando, Brett akiwa anageuka kuwa yai. Alilikata mwaka 1979 kwa sababu lilipunguza kasi mwishoni, kisha likarudishwa katika toleo la 2003. Kwa mashabiki wa kiumbe ni tukio linalofunga mzunguko: mwenyeji mmoja kwa buu, mwingine kwa yai. Kwa baiolojia halina ndugu yeyote, hakuna mdudu anayemgeuza windo lake kuwa yai. Mwaka 1986 filamu ya pili, Aliens ya James Cameron, ikajibu kwa njia nyingine: ikaleta malkia anayetaga, na kuanzia hapo kiumbe akapata jamii, kiota na askari. Ni filamu safi ya vita, lakini dhana imehama kutoka kwa nyigu mpweke kwenda kwa mchwa. Anayetaka kumwona parasitoidi bila nyongeza aanze na toleo la 1979 la dakika 117, na atazame kwa makini dakika chache ambazo Kane anaomba chakula.