Kura ya 1981 na Njia ya Kumpata Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa

Wapo wanaoamini kwamba Dk. Salim Ahmed Salim, mtoto wa Zanzibar, aliwahi kuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa. Cheo alichoshika mwaka 1979 ni Urais wa Baraza Kuu, yaani kuongoza vikao vya nchi wanachama kwa muda wa mwaka mmoja. Katibu Mkuu ni mtendaji mkuu wa taasisi nzima, na hukaa miaka mitano mitano. Kiti hicho Dk. Salim alikigombania mwaka 1981, na namna alivyokikosa inaeleza utaratibu wenyewe kuliko kitabu chochote cha uraia.

Ibara ya 97 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa inasema Baraza Kuu humteua Katibu Mkuu kwa mapendekezo ya Baraza la Usalama. Kwa hiyo kazi nzito humalizika kwenye meza ya nchi 15. Mgombea anahitaji kura 9, na asipingwe hata na mmoja wa wakubwa watano: Marekani, Urusi, China, Uingereza na Ufaransa. Kura 14 za ndiyo na moja ya turufu, basi ameanguka. Ndivyo alivyokosa awamu ya pili Boutros Boutros-Ghali wa Misri mwaka 1996: wajumbe 14 walimtaka, Marekani ikamkataa. Nafasi ikaenda kwa Kofi Annan wa Ghana.

Mwaka 1981 Kurt Waldheim wa Austria alitaka awamu ya tatu. Dk. Salim, wakati huo Waziri wa Mambo ya Nje wa Tanzania, akaingia akiungwa mkono na Afrika. China ilimpinga Waldheim mara 16. Marekani nayo ikamzuia Salim kila alipokaribia. Sababu inayotajwa sana ni msimamo wake wa mwaka 1971, alipopigania China ya Beijing ikabidhiwe kiti cha China katika Umoja wa Mataifa badala ya Taiwan. Wiki zikapita bila mshindi. Mwezi wa Disemba Rais wa Baraza la Usalama, Olara Otunnu wa Uganda, akawaomba wote wawili wakae pembeni, na Javier Pérez de Cuéllar wa Peru akapita. Dk. Salim baadaye aliongoza Umoja wa Nchi Huru za Afrika, 1989 hadi 2001.

Makatibu Wakuu wa kabla ya Waldheim walikuwa Trygve Lie wa Norway, Dag Hammarskjöld wa Sweden, aliyefariki katika ajali ya ndege karibu na Ndola mwaka 1961, na U Thant wa Burma. Baada ya Annan wakaja Ban Ki-moon wa Korea Kusini na António Guterres wa Ureno. Katika wote hao tisa hakuna mwanamke hata mmoja, na hilo ni pungufu kubwa.

Siku hizi Baraza la Usalama hupima kwanza kwa kura ya majaribio: kila nchi huandika inamuunga mkono mgombea, inampinga, au haina maoni. Duru za mwisho karatasi za wale watano huwa na rangi yake. Oktoba 2016 Guterres alipata 13 za kumuunga mkono, 2 zisizo na maoni, na ya kumpinga hakuna. Anayefuatilia uchaguzi ujao asihesabu jumla tu. Atazame kwanza kama karatasi yenye rangi imeandikwa "napinga".