Dalili za moyo ninazozitafuta kinywani

Mgonjwa anapoketi kwenye kiti changu na kulalamika kwamba jino la chini upande wa kushoto linamuuma, jambo la kwanza ninalomuuliza ni wakati gani linauma. Swali hili lilipata uzito kwangu siku alipokuja mzee mmoja akiwa ameshaamua kwamba jino ling'olewe. Nililigonga halikuuma, maji baridi hayakulishtua, na picha ya eksirei haikuonyesha kuoza wala usaha kwenye mzizi. Alipoeleza kwa utulivu, ilibainika kwamba maumivu yalimshika taya zima kila alipopanda kilima cha kuelekea kwake, na yalikwisha alipokaa kupumzika. Jino bovu halitofautishi kilima na tambarare. Moyo usiopata damu ya kutosha ndio unaolalamika kwa namna hiyo, kwa sababu taarifa za maumivu kutoka moyoni na zile za kutoka kwenye taya hukutana njiani kuelekea kwenye ubongo, nao ubongo hukosea mahali zilipotoka. Sikumng'oa jino; nilimwandikia barua aende hospitali siku ileile.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu linaua haraka. Maumivu ya taya yanayoambatana na kifua kubana, jasho jembamba, kichefuchefu au pumzi kukatika ni dharura, na mahali pake ni hospitali, si kliniki ya meno. Wanawake na wenye kisukari wanaweza kupata shambulio la moyo bila maumivu makali ya kifua, hivyo kwao taya huweza kuwa miongoni mwa dalili chache zinazoonekana.

Swali ninaloulizwa mara nyingi zaidi, hata hivyo, ni la fizi zinazotoka damu: je, moyo wangu ni mgonjwa? Ni kweli kwamba watu wenye ugonjwa sugu wa fizi, ule uliokwisha kula mfupa unaoshikilia meno, huonekana kuwa na magonjwa ya mishipa ya moyo na kiharusi zaidi kuliko wengine, na bakteria wa fizi wamewahi kukutwa ndani ya mafuta yaliyoganda kwenye kuta za ateri. Lakini sigara na kisukari huharibu fizi na mishipa ya damu kwa pamoja, na ndiyo maana kutenganisha chanzo na matokeo ni kazi ngumu. Mwaka 2012 Chama cha Moyo cha Marekani kilipitia tafiti zilizokuwapo, kikakubali kwamba uhusiano upo hata baada ya kuzingatia visababishi hivyo vya pamoja, lakini kikasema kwamba haijathibitika kuwa ugonjwa wa fizi ndio unaosababisha ule wa mishipa. Kwa hiyo fizi zikitoka damu, njoo tukwangue ukoga, kisha upimwe presha na sukari. Usiende nyumbani ukiamini umeshahukumiwa.

Wanaotumia dawa za presha za jamii ya nifedipini na amlodipini huweza kuona fizi zikivimba na kupanda juu ya meno, hasa ya mbele. Usiache dawa kwa sababu hiyo. Kinywa kikisafishwa vizuri uvimbe mara nyingi hupungua, na daktari wako anaweza kubadilisha dawa.

Kundi linalonitia wasiwasi zaidi ni la wenye matatizo ya vali za moyo, yaani milango inayozuia damu isirudi nyuma, ambao katika nchi zetu ni wengi kwa sababu maambukizi ya koo ya utotoni yasiyotibiwa huweza kuishia kwenye moyo. Bakteria wa kinywani wakiingia kwenye damu wanaweza kujishikiza kwenye vali iliyoharibika na kuanzisha maambukizi hatari. Aliyewekewa vali bandia, aliyewahi kupata maambukizi hayo, na baadhi ya waliozaliwa na kasoro za moyo hupewa antibiotiki kabla ya kung'olewa jino. Kwa mtu mzima asiye na mzio ni amoksisilini gramu 2, dakika 30 hadi 60 kabla. Hata hivyo, kutafuna na kupiga mswaki kila siku kwenye fizi zilizooza pia hupenyeza bakteria kwenye damu, na kwa miaka yote hiyo dozi moja haiwezi kuziba pengo la kinywa kichafu. Tena, mwenye vali bandia anayetumia wafarini, dawa ya kuzuia damu isigande, fizi zake zikivuja damu bila ukoga wa kutosha kueleza hali hiyo, ninataka kwanza kipimo cha kuganda kwa damu kabla sijagusa chochote.

Kuna jambo moja kuhusu watoto. Fizi nyeusi au zenye mabaka ya kahawia kwa Mwafrika ni rangi ya kuzaliwa nayo, na inanisikitisha kuona wazazi wakizisugua hadi zinachubuka. Rangi ya kuangalia ni ya ulimi. Kwa mtoto mwenye ngozi nyeusi, upungufu wa oksijeni huweza kujificha usoni, lakini ulimi na sehemu ya ndani ya midomo hubadilika kuwa ya bluu au zambarau, hasa anapolia au kunyonya. Mtoto wa namna hiyo apelekwe hospitali siku hiyohiyo, akasikilizwe moyo.