Bakteria na sumu vinapokutana kwenye figo iliyochoka

Kwa mwaka mzima kreatinini ya mgonjwa wangu, takataka ya damuni inayopanda figo zinaposhindwa kazi, ilikuwa ikichezea mikromoli 180 kwa lita. Siku moja akaja na homa, kiuno kinamuuma, mkojo una ukungu. Siku nne alikuwa akimeza diklofenaki, dawa ya maumivu, ili apate usingizi. Tulipopima, kreatinini ilikuwa 410.

Mwanawe akaniuliza: kilichomponza ni bakteria au ni dawa? Nilimjibu kwamba kimoja kimoja pengine figo zake zingekihimili. Shida ni kwamba vyote viwili hupiga mahali pamoja.

Figo hupokea karibu moja ya tano ya damu inayosukumwa na moyo, ila sehemu yake ya ndani huishi kwa oksijeni kiduchu. Bakteria wakiingia kwenye damu, vipande vya kuta zao, yaani endotoksini, huchokoza kinga ya mwili. Vijishipa huvimba na damu hupita kwa shida. Hapo figo hujitetea kwa prostaglandini, kemikali za mwili wenyewe, ambazo huulegeza mshipa unaoingiza damu kwenye chujio. Diklofenaki huzizima prostaglandini hizo hizo. Figo yenye afya huvumilia. Ile iliyobakiwa na nefroni chache, yaani vichujio vidogo pamoja na mirija yake, kila moja ikibeba kazi ya wenzake waliokufa, haina akiba.

Hata tiba ina mitego yake. Antibiotiki ya jentamaisini huwaua vizuri bakteria wengi wa mkojo, lakini seli za mirija ya figo huifyonza na kukaa nayo siku kadhaa. Majaribio ya wanyama yameonyesha kwamba endotoksini huongeza kiasi kinachojikusanya humo. Nikampa antibiotiki nyingine, seftriaksoni, na diklofenaki nikaisimamisha. Kuchelewesha antibiotiki kwa kuogopea figo, ambako nakuona mara nyingi, ni kosa kubwa zaidi: maambukizi yenyewe ni sumu.

Halafu kuna mzunguko. Takataka ambazo figo hazizitoi tena hudhoofisha chembe nyeupe za damu, hivyo maambukizi mengine hupata mlango. Nazo seli za mirija zilizopona nusunusu huendelea kutoa ishara za kujenga nyuzi, na nyuzi hizo ndizo kovu. Nefroni ikishageuka kovu, mwili hauoti nyingine.

Homa iliisha siku ya tatu, na yeye akajiona amepona. Miezi mitatu baadaye kreatinini ilitulia kwenye 235.