Kwa nini skripti hukubali ukiiendesha mwenyewe, lakini usiku hugoma?

Chukua duka la jumla pale Kariakoo. Ofisini nyuma kuna kompyuta ya Linux, na kila usiku skripti fupi, yaani faili yenye amri za kompyuta, inatakiwa kunakili mauzo ya siku kwenye diski ya pili. Ukiiendesha mwenyewe mchana, inamaliza kazi bila neno. Ukiikabidhi kwa cron, programu inayoendesha kazi kwa ratiba, asubuhi unakuta diski tupu. Je, wajua kwa nini?

Sababu kubwa ni kwamba cron haiingii kwenye kompyuta kwa mlango unaoingilia wewe. Ukifungua terminali, dirisha la kuandikia amri, mfumo husoma faili zako za mipangilio, kama .bashrc, na kukuandalia mengi usiyoyaona. Cron haikusomei hayo. Kwenye Debian na Ubuntu, kwa kawaida hutafuta programu ndani ya /usr/bin na /bin tu, basi. Programu iliyowekwa /usr/local/bin haitaonekana, na skripti itakwama kwa kosa la amri isiyojulikana, usiku, pasipo mtu wa kulisoma. Ni sawa na kumtuma kijana, siku yake ya kwanza dukani, akalete mzigo "palepale pa siku zote". Cron nayo iandikie njia nzima: si mauzo.csv, bali /home/duka/mauzo.csv.

Ukitaka kuionja hali hiyo mchana, andika:

env -i HOME=$HOME PATH=/usr/bin:/bin /bin/sh -c /home/duka/nakili.sh

Mara nyingi kosa hujitokeza hapohapo.

Lakini kabla ya kugusa chochote, uliza kwanza: kazi ilianza au haikuanza? Wengi huruka swali hili na kuanza kuiandika skripti upya, jambo ambalo ni kujichosha bure. Amri ya journalctl -u cron itakuonyesha kazi zilizoanzishwa na saa zake. Ukiikuta yako, cron imetimiza wajibu. Tatizo limo ndani ya skripti. Mwishoni mwa mstari wa ratiba ongeza >> /home/duka/nakili.log 2>&1, na kesho makosa yote yatakuwa yameandikwa kwenye faili hiyo. Usipoikuta kazi yako kwenye journalctl, kagua ratiba yenyewe.

Na kwenye ratiba, sisi wa Dar es Salaam tuna mitego yetu miwili. Cron huhesabu saa kuanzia usiku wa manane, 0 hadi 23. Anayetaka saa mbili usiku akaandika 2, kazi yake itaanza saa nane usiku. Alipaswa kuandika 20. Mtego wa pili uko kwenye seva za kukodi, ambazo nyingi hufuata saa za UTC, yaani saa za kimataifa, nyuma yetu kwa saa tatu. Huko, 0 2 * * * (dakika 0, saa 2, kila siku) huanza saa kumi na moja alfajiri ya kwetu. Saa nane usiku yetu ni 23 yao, tena ya siku iliyotangulia: kazi ya Jumatatu saa nane usiku huandikwa Jumapili. Amri ya timedatectl hukuambia seva inafuata saa za wapi. Ukizibadilisha kuwa Africa/Dar_es_Salaam, iwashe upya cron pia, la sivyo inaweza kuendelea na saa za zamani.

Kuna pia alama ya asilimia, mtego mdogo wenye hila. Ukiandika date +%F, amri ya kutoa tarehe, moja kwa moja kwenye crontab, faili ya ratiba ya cron, basi cron huikata amri pale penye %. Weka \% au, vizuri zaidi, hamishia amri hiyo ndani ya skripti, ambako haina shida.

Halafu umeme. Ukikatika saa nane kasoro na kurudi saa tisa, cron hailipi deni la kazi ya saa nane. Husubiri usiku wa kesho. Kwa kompyuta ya dukani isiyo na betri ya akiba, anacron, programu nyingine ya ratiba, inafaa zaidi kwa kazi ya kila siku, kwa sababu yenyewe huangalia kama siku imepita bila kazi kufanyika, si kama saa fulani imefika. Anayetumia timer (vipima saa) za systemd, programu inayosimamia huduma za Linux, ataongeza Persistent=true, na kazi iliyopitwa itaanza kompyuta ikishawaka.