Cha wote si lazima kiwe shamba la bibi

Jamani, kwenye kila kikao cha rasilimali ya pamoja, iwe maji, malisho au samaki, lazima asimame mtu aseme kwa kujiamini kabisa kwamba kitu cha wote ni shamba la bibi, kwa hiyo serikali ikichukue au kigawanywe kila mtu apewe kipande chake. Akishindwa hapo anahamia kwenye faini: pandisheni faini, watu watashika adabu. Nimechoka, na leo naandika nikiwa nimechoka hivyohivyo.

La kwanza nalipita haraka. Hoja ni ya Garrett Hardin, 1968, kwenye jarida la Science: mfugaji akiongeza ng'ombe mmoja faida ni yake peke yake, hasara ya nyasi inagawanywa kwa wote, basi kila mtu anaongeza mpaka panabaki vumbi. Hesabu iko sawa. Ila malisho ya Hardin hayana mpaka, hayana wanachama, hayana kamati, na wafugaji wake ni kama mabubu, hawaongei kabisa. Mwenyewe baadaye alikiri kwamba alitakiwa kusema malisho yasiyosimamiwa. Elinor Ostrom akapewa Nobel ya uchumi 2009 baada ya miaka mingi ya kuonyesha watu wanaojitungia sheria na zikashika. Imeisha hiyo.

Sasa faini. Hapa ndo damu inanichemka. Watu wanaamini sheria inafanya kazi kwa kuuma, ukizidisha kuuma inafanya kazi zaidi. Hapana. Sheria kabla haijauma inasema kitu. Kuna utafiti maarufu wa Gneezy na Rustichini, ulichapishwa 2000, kwenye vituo vya kulelea watoto huko Haifa, Israeli: wazazi walikuwa wanachelewa kuchukua watoto, baadhi ya vituo vikaweka faini ndogo, na wachelewaji wakaongezeka karibu mara mbili. Kwa nini? Ufafanuzi ninaoukubali ni kwamba mwanzo kuchelewa ilikuwa aibu, unamweka mwalimu wa watu, ila ikishawekwa faini kuchelewa kumekuwa huduma ina bei yake, unalipa unaenda zako kichwa juu. Na faini ilipofutwa wachelewaji hawakupungua! Yaani ile aibu ukishaiuza hairudi kwa kufuta mstari kwenye katiba ya kikundi.

Mtu ataniambia basi hiyo faini ilikuwa ndogo, weka kubwa. Haya, weka kubwa uone. Anayetakiwa kuitoza ni jirani, na anayetozwa ni shemeji yake au mtu wanayezikana, sasa nani atamfilisi mwenzake kwa kosa la mara ya kwanza? Atafumba macho. Wengine wakiona kafumba macho wanajua sheria ni ya kwenye karatasi tu. Kilichowaharibu ni kuona mwenzao kapita bure, maana wengi wetu tuko hivi: nitafuata kama nawaona wengine wanafuata, sitaki kuwa mjinga peke yangu. Ndo maana faini zinazodumu huanza kidogo sana, kama kumwambia mtu "tumekuona", halafu zinapanda akirudia.

Angalia wavuvi wa Alanya, Uturuki, ambao Ostrom aliwaandika. Kila Septemba waliorodhesha sehemu zote za kutega nyavu, kila moja na jina lake, zimepishana vya kutosha nyavu zisizibiane samaki, wakapiga kura ya bahati kujua nani aanzie wapi. Kuanzia hapo kila siku kila mvuvi anasogea sehemu moja kuelekea mashariki mpaka Januari, halafu wanageuza wanarudi magharibi, hivyo kila mtu anapata zamu ya sehemu nono na ya sehemu mbovu. Mlinzi nani? Hakuna mlinzi! Siku yako ya sehemu nono unaamka mapema mwenyewe, ukimkuta mtu hapo hutasubiri kamati, na wenzako watakuunga mkono kwa sababu kesho zamu ni yao. Sheria imepangwa hivi kwamba anayeumia ndo anayeona, tena hapohapo. Wangeweka faini kubwa bila huu mpangilio wangekuwa wanagombana mpaka leo.

Na kijiji cha Törbel kule Uswisi, sheria ya 1517: usipeleke kwenye malisho ya pamoja mlimani ng'ombe wengi kuliko unaoweza kuwalisha wakati wa baridi. Kipimo kipo zizini kwako, kila mtu anakiona, hakuna cha kubishania.

Ila niseme na upande ambao kwenye semina tunaupita kimya. Vikundi tunavyovisifia ni vile vilivyodumu, vilivyokufa mara nyingi havikuacha hata daftari, kwa hiyo sijui ni sheria nzuri zilileta kuaminiana au waliaminiana kwanza ndo wakaweza kutunga sheria nzuri, na nikiulizwa huwa najibu kwa ujasiri kuliko ninavyostahili. Halafu mpaka wa wanachama maana yake kuna mtu yuko nje: Törbel mgeni hakuwa na haki ya malisho hata kama kanunua shamba kijijini. Sheria inaweza kutunza nyasi vizuri sana na bado ikawa ya kuwanyima watu.

Kwa hiyo kamati ikiniuliza faini iwe shilingi ngapi, nawauliza kwanza: mtu akivunja, nani atamuona, na huyo aliyemuona anapoteza nini akinyamaza? Wasipokuwa na jibu, kiwango wajaze wanachotaka.